Maswali Yenu: Protini, Kilo na Mpira wa Magongo

Mpira wa magongo uliwahi kuifikisha Tanzania kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Leo wanaoucheza mikoa ya Kusini ni wachache, lakini barua zao ni nyingi, na karibu zote zinauliza kuhusu chakula. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha kwa makusudi.

Shikamooni. Mimi ni kiungo, nina miaka 22 na kilo 62. Tunafanya mazoezi mara nne kwa wiki. Wenzangu wanaagiza unga wa protini kutoka Dar es Salaam na wananiambia bila huo mwili haujengeki. Bei inanishinda. Nifanyeje? – Kiungo, Mtwara Mjini

Marahaba. Hela yako ikae mfukoni kwanza, tupige hesabu.

Mchezaji mwenye ratiba kama yako anahitaji protini gramu 1.4 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Tafiti zikijumlishwa, faida ya kujenga msuli hupungua sana ukishapita gramu 1.6. Kwako, 62 mara 1.6 ni gramu 99. Tuseme 100.

Sasa tazama zinavyoingia mwilini. Barua nyingi zinatueleza siku ya namna moja: asubuhi chai ya rangi na mihogo, mchana ugali na mchicha, samaki anaonekana usiku. Protini karibu yote imelundikwa kwenye mlo mmoja. Kwa mlo mmoja msuli hunufaika zaidi na gramu 0.3 hadi 0.4 kwa kilo, yaani kwako kati ya 20 na 25. Zinazozidi hapo, sehemu yake huishia kuchomwa kama nishati. Kwa hiyo kabla ya kufikiria kopo, panga upya siku yako.

Asubuhi kula mayai mawili ya kuchemsha (gramu 12), kikombe cha maziwa cha mililita 250 (8) na konzi ya karanga za kukaanga, gramu 30 hivi (7), pamoja na viazi vitamu au mihogo yako kama kawaida. Mchana, ugali wa mahindi wa unga gramu 200 una protini kama 16 ambazo watu huwa hawazihesabu. Weka na mbaazi, gramu 80 zikiwa kavu, upate 17 nyingine. Mbaazi zina kwa wingi lisini, asidi amino ambayo mahindi yana upungufu nayo, ndiyo maana viwili hivyo vikikutana sahanini vinasaidiana. Ukitoka uwanjani kunywa kikombe cha mtindi (8). Usiku, wali wa mchele gramu 150 (10) na kibua mwenye nyama ya gramu 120 ikishapikwa (takriban 28). Jumla ni zaidi ya 100, na hakuna kopo lililofunguliwa.

Siku samaki mbichi akipanda bei, kimbilia dagaa wakavu. Gramu 100 zake zina protini 55 hadi 60, na kwa kuwa unawala na mifupa yao unapata na kalsiamu. Gramu 40 zinakutosha kwa mlo. Mwambie muuzaji akupimie gramu 40 mara moja tu, uzihesabu ni konzi ngapi za mkono wako. Baada ya hapo huhitaji mizani. Waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu hivi hadi mchanga uishe chini ya bakuli, na onja kabla ya kutia chumvi, kwani dagaa wengi wa pwani wamechemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa.

Ukitaka kulinganisha bei kwa haki, gawa bei kwa gramu za protini. Kopo la kilo moja la unga mzuri wa protini ya maziwa hutoa gramu 700 hadi 800. Kilo moja ya dagaa wakavu hutoa kama 550. Chukua bei ya kopo, chukua bei ya dagaa ya wiki hiyo kwenye soko la samaki la Feri, gawanya, utapata jibu lako mwenyewe.

Unga wenyewe si sumu wala si uchawi. Ni maziwa yaliyochujwa na kukaushwa, na una nafasi yake: upo safarini, huna jiko, umemaliza mechi na mlo uko saa tatu mbele. Hapo kijiko kimoja cha kupimia, gramu 30 zenye protini 20 hadi 25, kinasaidia kweli.

Jambo la mwisho kwako, na tunalisisitiza: usipunguze wanga ili upate nafasi ya protini. Magongo huchezwa mtu ameinama. Watafiti waliopima wachezaji kwenye mashine ya kukimbilia mwaka 1990 walikuta kuupeleka mpira kwa gongo kunaongeza matumizi ya nishati kwa takriban kilojuli 15 kila dakika juu ya kukimbia wima kwa kasi ileile. Hiyo ni karibu kalori tatu na nusu kwa dakika. Kwa siku za mazoezi ya saa moja lenga wanga gramu 5 hadi 7 kwa kilo. Kiungo mwenye njaa ya wanga huonekana robo ya nne: anaacha kuinama, gongo linabaki juu, mpira unapita chini yake.

Kuna mtindo wa kuvunja mayai mabichi manne kwenye glasi asubuhi. Yana nguvu kuliko ya kupikwa? – Beki, Lindi Mjini

Hapana, yana nguvu ndogo zaidi. Utafiti wa mwaka 1998 ulipima protini ya yai inayofyonzwa na mwili: la kupikwa asilimia 91, bichi asilimia 51. Unakunywa manne unapata faida ya mawili, na juu yake unajiweka kwenye hatari ya bakteria wa salmonela. Chemsha.

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa michezo. Nimenunua mizani inayosoma asilimia ya mafuta mwilini. Mchezaji mmoja asubuhi inamsoma 14, jioni 17. Je, ni mbovu? Na wachezaji wangu wawe na asilimia ngapi? – Mwalimu, Ruangwa

Nzuri, mwalimu. Mizani yako haijaharibika. Inapima kitu kingine. Hupitisha mkondo mdogo wa umeme miguuni na kukadiria mafuta kwa jinsi maji ya mwili yanavyoupitisha. Mchezaji aliyetoka jasho, aliyekunywa lita moja ya maji au aliyekula muda mfupi uliopita humpa namba tofauti, ingawa mafuta yake ni yaleyale. Ukiendelea kuitumia, pima asubuhi, tumbo tupu, baada ya kwenda haja, wala usilinganishe namba zake na za mizani nyingine.

Njia tunayoiamini zaidi kwa uwanja wa shule ni kalipa, kile kifaa cha kubana mkunjo wa ngozi. Hupimwa sehemu nane, zote upande wa kulia: nyuma ya mkono wa juu, mbele ya mkono wa juu, chini ya ncha ya bapa la bega, juu ya mfupa wa nyonga, mbele kidogo ya hapo, sentimita 5 pembeni mwa kitovu, mbele ya paja, na upande wa ndani wa shavu la mguu. Weka alama kwa kalamu. Inua mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada, weka kalipa sentimita 1 kutoka vidoleni, mkunjo ukiwa bado umeshikwa, na usome baada ya sekunde 2. Zunguka sehemu zote, kisha rudia mzunguko wa pili. Namba mbili za sehemu moja zikiachana kwa zaidi ya asilimia 5, pima mara ya tatu na uchukue ya katikati. Jumlisha milimita za sehemu nane, uishie hapo. Usizigeuze kuwa asilimia: kila kanuni ya kugeuza ilitengenezwa kwa kundi fulani la watu, na ukiichukua kwa vijana wa Ruangwa unaongeza kosa juu ya kosa.

Makosa mengi yanatoka kwa mpimaji. Leo umepima wewe, mwezi ujao kapima msaidizi wako, tayari ulinganifu umekufa. Ngozi yenye jasho au mafuta ya nazi huteleza. Ukipima baada ya mazoezi, damu imejaa kwenye ngozi na mkunjo unanenepa. Kwa hiyo awe mtu mmoja, muda mmoja, kabla ya mazoezi, kila wiki 6 hadi 8. Mara nyingi zaidi ya hapo unapima makosa yako mwenyewe.

Asilimia ya kulenga hatukupi, na si uchoyo. Kipa anayelala chini kuzuia kona ya penalti na winga anayekimbia pembeni hawahitaji mwili mmoja. Soma milimita pamoja na mbio za mita 30, mara moja mikono mitupu, mara moja na gongo na mpira. Milimita zikishuka na muda ukipungua, mambo ni mazuri. Zikishuka na muda ukiongezeka, mchezaji anakula kidogo, na hapo ndipo uingilie. Uzito kwa urefu peke yake usiutumie, maana hautofautishi paja lenye msuli na tumbo lenye mafuta.

Na tunakuomba sana: namba hizi usizisome mbele ya timu, na walio chini ya miaka 18 uwaache kabisa na kalipa.

Mimi ni mwembamba, kilo 56. Nimeuziwa kopo kubwa la unga wa kuongeza uzito na pakiti ya kreatini. Nasikia pia zinaweza kufanya nifungiwe kucheza. Kweli? – Mshambuliaji, Masasi

Tuanze na kopo. Geuza nyuma usome orodha ya viungo, ambayo hupangwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta maltodekstrini au sukari inaongoza, umenunua wanga kwa bei ya protini. Masasi imezungukwa na mikorosho, tengeneza wako. Pika uji mzito wa unga gramu 60 na uuive sawasawa, kwani unga mbichi kwenye blenda humpa mtu tumbo. Ongeza maziwa yaliyochemshwa mililita 400, siagi ya karanga gramu 30, korosho za kukaanga zilizosagwa gramu 30 na ndizi mbivu moja. Unapata kalori karibu 900 na protini kama gramu 30. Nusu yake kunywa saa nne asubuhi, nusu nyingine baada ya mazoezi. Karanga chagua kwa macho yako: zilizosinyaa, zenye ukungu au zinazowasha ulimi tupa, maana ndiko sumukuvu inakokaa, na kuzikaanga hakuiondoi.

Korosho zinakufaa wewe kwa sababu unatafuta kilo. Anayezihesabu kama chanzo kikuu cha protini anajidanganya: gramu 100 zina protini 18 na mafuta kama 44, hivyo kupata protini 25 atakula karibu kalori 800.

Kreatini ni kati ya virutubisho vichache vilivyothibitika kwa michezo ya mbio fupi zinazorudiwa. Gramu 3 hadi 5 kila siku zinatosha, siku ya mazoezi na siku ya mapumziko. Ule mtindo wa gramu 20 kwa siku tano au saba za mwanzo hujaza msuli haraka tu, na wengine huharisha. Kilo moja au mbili zitakazoongezeka mwanzoni ni maji ndani ya msuli. Ukienda kupima figo, mwambie daktari unaitumia, kwa sababu kipimo cha kreatinini kinaweza kupanda bila figo kuwa na tatizo.

Kuhusu kufungiwa: protini na kreatini haziko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Hatari ni kinachochanganywa humo bila kuandikwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulipima bidhaa 634 kutoka nchi 13 na kukuta 94, karibu asilimia 15, zina homoni zisizotajwa kwenye lebo. Sheria ya michezo haijali ulijua au hukujua. Kilichokutwa kwenye mkojo ni chako. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ni ya ubora na usalama wa chakula, haisemi kwamba kopo limepimwa dawa za michezo. Alama za kutafuta ni Informed Sport au NSF Certified for Sport, na hata hapo namba ya toleo iliyo kwenye kopo lako lazima uikute kwenye orodha yao. Ukinunua unga wa kupimiwa kwa mizani kwenye mfuko wa nailoni usio na lebo, huna lolote la kuhakikisha. Usiutumie.

Mwanangu ana miaka 15, anacheza magongo shuleni na anataka unga wa protini. Jirani anasema unaharibu figo. – Mama, Lindi

Mama, kwa mtu mwenye figo nzima, viwango tulivyovitaja hapo juu havijaonekana kuziharibu. Mwenye ugonjwa wa figo, kisukari au presha azungumze na daktari kwanza. Lakini kwa mtoto wa miaka 15 hatushauri kopo kabisa, kwa sababu ya huo uchafu usioandikwa. Mwongezee yai na maziwa asubuhi, samaki au mbaazi mchana na usiku, na kitu cha kula kabla ya mazoezi ya jioni. Anakua, njaa yake ni ya kweli.

Nina miaka 19, kilo 54. Kocha aliniambia nipunguze kilo 5 kwa mwezi ili niwe mwepesi. Nimeacha kula usiku. Sasa mwezi wa nne sijaona siku zangu, na mfupa wa mbele ya mguu unauma sehemu moja. – Winga, Nachingwea

Pole, dada. Rudia kula usiku leo hii, na mbio zisimame mpaka mguu uonwe.

Tukueleze kilichotokea. Ukiwa na mafuta kama asilimia 22, mwili wako bila mafuta ni kilo 42. Mwili huo unahitaji kubakiwa na kalori kama 45 kwa kila kilo baada ya kutoa zilizotumika mazoezini, yaani 1,890. Ukiongeza 500 za mazoezi, unatakiwa kula karibu 2,400 kwa siku. Kwa milo miwili uliyobaki nayo tunakadiria 1,300. Toa 500 za uwanjani, unabakiwa na 800, sawa na 19 kwa kilo. Chini ya 30 mwili huanza kuzima shughuli unazoweza kuishi bila hizo, na hedhi iko mwanzoni mwa orodha. Homoni zikishuka, mfupa haujikarabati. Maumivu yanayoguswa kwa ncha ya kidole kwenye mfupa yanaweza kuwa ufa.

Nenda hospitali ya wilaya. Waeleze yote mawili, hedhi na mguu, kwa pamoja. Watapima ujauzito kwanza, kama ilivyo kawaida, na uombe na kipimo cha damu. Ufa wa namna hii unaweza usionekane kwenye eksirei ya wiki mbili au tatu za mwanzo, kwa hiyo picha safi isikurudishe uwanjani kama bado unauma.

Chakula: milo mitatu na vitafunio viwili, wanga kila mlo, dagaa wazima angalau mara nne kwa wiki. Kamulia ndimu kwenye mboga, na msimu wa korosho kula mabibo, yana vitamini C kuzidi chungwa. Madini ya chuma ya kwenye mchicha na kunde hufyonzwa vizuri zaidi hivyo. Chai iwe saa moja mbali na mlo.

Kocha naye asome hapa. Kilo 5 kwa mwezi kwa mtu wa kilo 54 ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito kila wiki. Wanamichezo waliofuatiliwa Norwei wakipunguza asilimia 0.7 kwa wiki, huku wakinyanyua vyuma, waliongeza na msuli. Waliopunguza asilimia 1.4 hawakuongeza. Na kwa barua hii hatuoni hata sababu ya kupunguza.

Kwetu chakula ni ugali wa muhogo. Unatosha kwa mchezaji? – Kipa, Newala

Kwa wanga unatosha. Kwa protini, gramu 100 za unga wa muhogo zina kama 2 tu, wakati mahindi yana 8, kwa hiyo mboga ya pembeni lazima ibebe mzigo wote: samaki, kunde, njugu mawe, mayai. Kisamvu kilichotwangwa na kuungwa karanga kinasaidia pia.

Kuna jambo zito zaidi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili huiondoa kwa kutumia asidi amino zenye salfa, zile zinazotoka kwenye samaki, mayai na ufuta. Protini ikiwa haba na muhogo haukuandaliwa vizuri, huja konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla, ambao uliripotiwa Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Makopa yaliyokaushwa haraka bila kulowekwa bado yana sumu. Fanya hivi: tia unga kwenye beseni, weka alama ulipofikia, ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama ileile. Tandaza kwenye mkeka, unene usifike sentimita 1, uache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hupaa na hewa. Pika siku hiyohiyo, na maji uliyokwisha kuutia uyahesabu unaposonga, la sivyo ugali utakuwa rojo.

Ramadhani timu yetu haisimami. Mazoezi tuyaweke saa ngapi na protini tuile lini? – Nahodha, Kilwa Kivinje

Mazoezi mazito wekeni baada ya tarawehe. Kabla ya futari fanyeni ufundi tu, dakika 30 hadi 40: kupiga kona, kupokea mpira, hakuna mbio za kushindana, kwa sababu joto la Kilwa na mwili uliokauka tangu alfajiri havipatani.

Protini igawanyeni mara tatu. Futari: tende, maji, uji, halafu magimbi au mihogo ya nazi na kipande cha samaki, ila kabla ya mazoezi nazi iwe nyepesi, maana mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Mkitoka uwanjani, maziwa au mtindi na wali au mkate. Daku: mayai au maharage na kiporo cha wali. Maji lita 2.5 hadi 3 yanywewe kidogo kidogo tangu futari. Ukiyamimina yote kwenye daku unayakojoa kabla jua halijapanda. Madafu ni mazuri, lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo kwa mtu aliyetoka jasho jingi, kwa hiyo dafu moja tia chumvi ya kushika kwa vidole viwili.

Kosa tunaloandikiwa kila mwaka ni kula daku saa tano usiku na kulala moja kwa moja. Amkeni saa kumi.